Mrejesho: Yule ndege mkubwa wa Karura

Wadau, wiki mbili zilizopita niliuliza ni ndege gani nilimwona akizunguka juu kabisa ya msitu wa Karura, hapa Nairobi, huku akilia kama filimbi. Wengi mlisema ni tai mwenye kishungi, yule mla kima. Mlipatia.

Jumamosi nikarudi alfajiri, lango la Limuru Road. Masaa matatu shingo juu, naona hondohondo tu. Ghafla kima wakaanza kupiga kelele za hofu, matawi yakatikisika, kisha kimya. Kuinua darubini, huyu hapa: kifua cha madoadoa, kishungi kimesimama, kucha utadhani zile ndoano za kuning'inizia nyama buchani. Hata kunitazama hakunitazama.

Mlioomba nielekeze kiota kilipo, mtanisamehe. Hawa hulea kifaranga mmoja tu, na kwa kawaida huzaa mara moja kila baada ya miaka miwili. Wakifukuzwa na kamera zetu, hasara yake si ndogo. Picha nitaweka jioni. Imetikisika kidogo, mikono ilikuwa inatetemeka, na si kwa baridi.