Mafunzo elekezi ya uzamili Dodoma: je, mtu mzima akiyakosa anapoteza kitu?

Mwalimu wa Kondoa

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kondoa, nimefundisha Historia na Kiswahili kwa miaka tisa, na mwaka huu nimepata udahili wa shahada ya uzamili katika elimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwajiri amenipa ruhusa ya masomo ya miaka miwili, jambo ninalolishukuru sana, kwa kuwa wapo wenzangu walioisubiri barua hiyo hadi nafasi zao zikapotea.

Swali langu linahusu wiki ya mafunzo elekezi. Wiki hiyo inagongana na siku za mwisho za maandalizi ya mtihani wa kidato cha nne, unaofanyika Novemba, na darasa langu la Historia nimekuwa nalo tangu lilipokuwa kidato cha pili. Mwenzangu mmoja ameniambia kwamba mafunzo hayo ni ya vijana waliotoka kidato cha sita, wanaohitaji kuonyeshwa bweni na mgahawa, na kwamba mtu mwenye shahada yake hana hasara akifika siku vipindi vinapoanza. Je, ni kweli? Na kama nikienda, nionane na nani na niulize nini?

Mwaka wa Pili, Ng'ong'ona

Shikamoo mwalimu, na hongera kwa kupata nafasi.

Mwenzako amesema nusu ya ukweli. Hotuba za ufunguzi ni ndefu, na kutembezwa chuoni hakutakufaa sana, kwa sababu eneo lenyewe ni kubwa mno na ndaki, yaani vitengo vikuu vya masomo vya chuo, zimetawanyika mbalimbali. Utayajua majengo kwa miguu yako mwenyewe, chini ya jua la Novemba, ndani ya wiki mbili. Kwa hayo mawili usijisumbue.

Usajili ndio wa kuangalia kwa makini. Njoo na vyeti halisi vyote, cha kidato cha nne, cha sita na cha shahada ya kwanza pamoja na transkripti yake, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, barua ya udahili na barua ya ruhusa ya mwajiri, na kila kimoja kiwe na nakala kadhaa. Majina yalingane katika vyote. Jina langu la kati lilikuwa limepungua herufi moja kwenye kitambulisho cha taifa, nikalazimika kwenda kuapa na kuandikiwa hati ya kiapo wakati wenzangu tayari wako darasani. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa hiyo usikubali mtu yeyote akupokee fedha mkononi kwa ahadi ya kukulipia.

Siku ambayo nisingependa uikose ni ile ya maktaba. Niliingia nikidhani naijua maktaba, kumbe nilikuwa naijua ya rafu na vitabu tu. Pale tulielezwa jinsi ya kuingia kwenye hifadhi za majarida kupitia mipango kama Research4Life, ambayo huzifungulia taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati makala ambazo mtu binafsi angezilipia kwa dola. Tulifundishwa pia kutumia Zotero, programu isiyolipiwa inayotunza marejeleo. Nimeitumia tangu wiki ile, na ninapowaona wenzangu wakipanga marejeleo kwa mkono usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, ninawahurumia kwa dhati.

Msimamizi wa Tasnifu

Mwalimu, nimesimamia tasnifu za uzamili katika kanda hii ya kati kwa miaka mingi, na kuna jambo moja ambalo ningependa lisemwe waziwazi zaidi kwa kila mwanafunzi mpya: kalenda ya shahada yako haipangwi na chuo peke yake, inapangwa pia na mvua.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Katika miezi hiyo watu wa Bahi, Chamwino, Chemba na hata huko kwenu Kondoa wako mashambani, na makorongo ambayo jana yalikuwa mchanga mtupu yanaweza kufunga njia kwa siku nzima. Mtafiti anayefika kijijini Januari na hojaji zake humkuta mtendaji peke yake. Kwako wewe unayetaka kufanya utafiti shuleni nafasi ni finyu zaidi, kwa sababu Juni kuna likizo, na kuanzia Oktoba shule zinaelekeza nguvu zote kwenye mitihani ya taifa. Kwa maneno mengine, muda wako mzuri wa kukusanya data ni Julai hadi Septemba ya mwaka kesho. Ukiukosa, unasubiri mwaka mwingine, na ruhusa ya mwajiri haikusubiri.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Kabla ya kuingia shuleni unahitaji barua ya chuo, ambayo utaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani na kwenye halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na kwa mkuu wa shule. Kila meza ina siku zake, na zikijumlishwa huwa wiki. Kabla ya barua hiyo, pendekezo lako la utafiti liwe limewasilishwa kwenye semina, limekosolewa, limerekebishwa na kukubaliwa. Na kabla ya pendekezo, uwe umesoma vya kutosha na umezungumza na mtu atakayekusimamia. Ukifika mwisho wa hesabu hiyo utakuta kwamba mazungumzo ya kwanza yanapaswa kufanyika kabla ya Krismasi, hata pale ambapo msimamizi huteuliwa rasmi baadaye. Wiki ya mafunzo elekezi ni ya manufaa kwako kwa sababu hiyo: walimu wa idara wako mahali pamoja, bado hawajazongwa na vipindi, na mratibu wa masomo ya uzamili anaweza kukuonyesha ni nani anafanya utafiti unaokaribiana na wako.

Kuhusu cha kuuliza, omba kanuni za masomo ya uzamili na uzisome mwenyewe. Kisha muulize mratibu mambo matatu: semina za mapendekezo hufanyika lini, msimamizi huteuliwa kwa utaratibu gani, na mwanafunzi afanye nini iwapo msimamizi wake anakaa muda mrefu bila kusoma kazi yake. Swali hili la mwisho wanafunzi huona haya kuliuliza, lakini mimi nikiwa msimamizi nasema liulizwe, na mapema.

Nilichelewa Mwaka

Ninaunga mkono aliyotangulia kusema Msimamizi, kwa kuwa mimi nilikuwa yule mtu mzima asiyehitaji kuonyeshwa mgahawa. Nilisoma katika mkoa mwingine. Niliruka mafunzo elekezi yote nikafika wiki ya pili ya vipindi. Wenzangu walikuwa wameshaongea na walimu, nami nikaangukia kwa msimamizi mwenye heshima zake lakini ambaye taaluma yake ilikuwa mbali na mada yangu. Hakuna aliyenikosea, nilikuwa tu wa mwisho kufika. Nilibadili mada Machi. Pendekezo likapita Oktoba, nikaingia kijijini mvua zikiwa zimeanza, nikarudi na hojaji 41 kati ya 120 nilizokusudia. Nilimaliza baada ya ruhusa yangu kwisha, nikiwa nimerudi kazini na kuandika sura mbili za mwisho usiku, watoto wakiwa wamelala.

Hata hivyo, mwalimu, sikushauri uwatelekeze kidato cha nne. Kufundisha darasa tangu kidato cha pili na kuliacha wiki ya mwisho ni jambo zito, na yeyote aliyewahi kushika chaki analijua. Ungemwandikia mratibu sasa, ukaomba ratiba, ukachagua siku mbili au tatu zenye usajili, maktaba na kikao cha idara. Kondoa hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 160 za lami. Unaweza kurudi Alhamisi na kukaa na wanafunzi wako Ijumaa na Jumamosi.

Mwalimu wa Kondoa

Nimesoma majibu haya mara mbili na ninashukuru kutoka moyoni. Nimekwisha kumwandikia mratibu, na mwalimu mwenzangu wa Uraia amekubali kushika vipindi vyangu Jumatatu hadi Jumatano.

Niongeze swali moja, hasa kwa Msimamizi. Ninafikiria kuchunguza utoro wa wanafunzi wakati wa kilimo, jambo ninaloliona kila Januari. Je, nije na hojaji iliyo tayari ili nionekane nimejiandaa?

Msimamizi wa Tasnifu

Hapana mwalimu, hojaji iache kwanza. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote: mwanafunzi ana hojaji ya kurasa sita kabla hajawa na swali. Kosa linaloandamana nalo ni la sampuli. Mtu huchukua kanuni ya Yamane, ile ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhojiwa, anaingiza watu 2,000 na kosa la asilimia 5, anapata 333, na hapo anaona kazi imekwisha, bila kujiuliza kama watu hao watachaguliwa kwa nasibu, au kama swali lake linajibiwa kwa kuhesabu watu hata kidogo. Inawezekana kabisa kwamba swali lako litajibiwa vizuri zaidi na madaftari ya mahudhurio ya miaka mitano pamoja na mazungumzo marefu na wazazi ishirini.

Mada yenyewe ni nzuri, na nimefurahi kwamba imetoka katika kazi yako. Angalia tu kwamba msimu unaouchunguza ni ule ule wa mvua niliokutahadharisha nao, kwa hiyo kwako madaftari yana thamani ya pekee, kwani yanaweza kusomwa Julai yakasimulia Januari. Pia wengi wa wanafunzi hao wako chini ya miaka 18, na utahitaji ridhaa ya wazazi au walezi pamoja na yao wenyewe. Utaratibu huo uuingize kwenye pendekezo tangu mwanzo.

Kabla hujaondoka Kondoa, muombe mkuu wako wa shule akuruhusu kuyapitia madaftari ya Januari na Februari ya mwaka huu, uandike ukurasa mmoja wa uliyoyaona, bila jina la mwanafunzi yeyote. Jumatatu umpe mratibu ukurasa huo.