Fundi AC mnayemjua nyote kaniambia AC ni nzima, mwenye joto ni mimi

Jasho Jingi (mwanzisha uzi):
Wakuu, naandika nikiwa bado nimo ndani ya gari, shati limenata mgongoni, simu inateleza mkononi. Msiniulize fundi gani. Mnamjua. Yule wa ovaroli isiyo na hata doa moja la oili. (Hilo peke yake lilitakiwa linishtue.)

AC ilianza kupuliza upepo wa moto. Nikampelekea, akajaza gesi, ikapoza siku nne. Nikarudi, akajaza tena, siku tatu. Leo ni mara ya tatu. Geji hana. Anachomeka mpira, anatikisa kopo sikioni, anasema "imeingia ya kutosha."

Nikamwambia bado moto, mayai ukiyaweka kwenye dashibodi yatatotolewa kabla hatujatoka getini. Akaingia, akaweka kiganja kwenye tundu la upepo, akafumba macho. AKAFUMBA MACHO. Kisha: "Bosi, hii AC ni nzima. Ni wewe tu una joto la mwili."

Joto la mwili! Mwili huu ninao tangu nizaliwe, haujawahi kunilalamikia. Mke wangu pembeni anajipepea na kitabu cha gari, badala ya kunitetea akaguna ile "mmh" ya kukubali.

Alifumba macho, jamani.

Spana Kumi na Nne:
Pole mkuu. Gesi ya AC haiungui kama petroli, inazunguka humohumo. Ikipungua, imevuja. Kujaza bila kutafuta inapovuja ni kuteka maji kwa pakacha. Alitakiwa apake povu la sabuni kwenye maungio au aweke ile rangi inayong'aa kwa taa maalumu, azibe, avute hewa na unyevu kwa pampu kama nusu saa, ndipo ajaze kwa kupima gramu. Kiasi huwa kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Ikizidi, nayo haipozi.

Jasho Jingi:
Asante mkuu, ila umesoma pale alipofumba macho?

Bibi Gia:
Mimi naona fundi ana hoja. Hata picha yako ya wasifu inavuja jasho.

Mzee wa Neutro:
😂😂 Kabla hatujamlaumu mtu, kile kitufe cha joto na baridi kiko upande gani?

Jasho Jingi:
Kiko kwenye bluu. Mimi si mtoto.

Spana Kumi na Nne:
Hata kikiwa kwenye bluu, ndani ya dashibodi kuna kimlango kinachochanganya hewa ya moto na baridi, huwa kinakwama. Washa injini na AC, shika lile bomba nene la AC chini ya boneti, ila kaa mbali na feni na mikanda. Likiwa baridi na linatoa jasho, upande wa gesi unafanya kazi, kautazame ule mlango. Likiwa vuguvugu, sikiliza kompresa, ile pampu ya gesi: klachi yake ikishika utasikia "tak." Isiposhika, huenda gesi imepungua mpaka swichi ya presha imekata, au ni fyuzi, au rilei. Na kama inapoza gari likitembea halafu moto kwenye foleni, anza na feni ya kondensa, ile rejeta ya AC pale mbele.

Jasho Jingi:
Kwa hiyo bomba nalo linatoa jasho? Mbona lenyewe hakuliambia lina joto la mwili?

Msomi wa Siti ya Nyuma:
Kwa taarifa yenu, kama gesi yenyewe ni ile iitwayo R134a, kilo moja ikivuja inapasha dunia zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kaboni dioksaidi.

Bibi Gia:
Makopo matatu hayo. Kumbe joto la dunia nzima ni la fundi mmoja.

Bampa Mkononi:
Wako afadhali. Wangu kabadilisha kondensa, karudisha bampa, zikabaki skrubu sita mezani. Namuuliza, ananijibu kiwandani huwa wanaweka za ziada.

Mzee wa Neutro:
Sita tu? Mimi gari limerudi siti imesogezwa mbele, mafuta robo, na kandambili moja chini ya siti. Eti alikuwa anatesti. Testi ya siku mbili!

Bampa Mkononi:
Kandambili ya mguu gani?

Mzee wa Neutro:
Kushoto. Ya kike.

Kibubu cha Mafuta:
Na AC zenyewe zinakunywa mafuta tu. Fungueni vioo, upepo ni wa bure.

Msomi wa Siti ya Nyuma:
Si bure. Kwenye mwendo mkali vioo wazi vinalifanya gari lipambane na upepo, injini inalipa hapo hapo.

Kibubu cha Mafuta:
Upepo gani? Mimi gari langu halifiki huo mwendo mkali.

Jasho Jingi:
Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu mzima, kiganja kwenye tundu, macho kafumba...

Bibi Gia:
Subiri kwanza. Mzee wa Neutro, hiyo kandambili umeitupa au unayo?