Mashine ya salfa imekula pistoni, fundi anataka ninunue nyingine. Nifanyeje?

Mjukuu wa Kitangari: Wakuu, habari za mchana. Nipo Newala, huku Kitangari. Mashine yangu ya kupulizia mikorosho unga wa salfa, ile tu-stroki ya kubeba mgongoni, ilianza kukosa nguvu mwezi wa sita. Fundi akaweka pistoni na ringi mpya. Wiki tatu hazikufika. Nipo shambani alfajiri, umande bado upo kwenye majani, mashine ikapandisha resi yenyewe bila kuguswa, ikalia kama nyigu, kisha kimya. Sasa ukivuta kamba inakuja laini, haina ubishi kabisa. Fundi anasema pistoni tena. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, unanimalizia maua na hela yenyewe ni ya kukopa.

Korosho Ghafi: Weka pistoni, piga msasa silinda, rudi shamba. Mimi kila mwaka ndivyo.

Mzee wa Spana: Ndiyo maana kila mwaka unanunua. Mjukuu, pistoni iliyokufa ipo? Imechunika upande gani?

Mjukuu wa Kitangari: Ninayo mkononi, mzee wangu. Upande wa ekzosi ina mistari ya wima, ukipitisha ukucha unakwama. Upande wa kabureta iko safi.

Mzee wa Spana: Basi tusiisingizie salfa. Vumbi likipenya kwenye chujio hula upande wa kabureta, pistoni inapauka kama imesuguliwa kwa majivu. Upande wa ekzosi ni joto. Oili unachanganya kiasi gani?

Mjukuu wa Kitangari: Mililita 40 kwa lita ya petroli. Napima na kifuniko cha chupa.

Mzee wa Spana: Hiyo ni moja kwa 25, oili ipo. Resi kupanda yenyewe ndiyo iliyokusaliti: injini inavuta hewa ya wizi. Kwenye tu-stroki nyumba ya krenki haihifadhi oili kama ya bodaboda, mchanganyiko wote unapita humo kwanza ndipo upande juu. Sili ya krenki, ule mpira unaoziba pale mhimili wa krenki unapotoka nje, ikichoka, hewa inaingia, petroli na oili vinapungua, pistoni inaungua. Hata ukiweka ya dhahabu itaungua.

Pima hivi. Rudisha silinda, toa kabureta na ekzosi, ziba matundu yote mawili kwa mpira wa tyubu na kipande cha bati, kaza bolti. Teremsha pistoni chini kabisa. Chukua plagi mbovu, gonga kaure itoke, fungia hapo valvu ya baiskeli, kisha jaza upepo kidogo, psi 7 basi. Ukizidisha unazing'oa sili mwenyewe. Paka maji ya sabuni kwenye maungio na pande zote mbili za krenki.

Dada wa Vipuri Mikindani: Na kabla ya msasa, weka sumaku ndani ya silinda. Ikinata kwa nguvu ni chuma, inachongeka. Isiponata hiyo ni alumini iliyopakwa tabaka gumu, ukiichonga umeitupa. Wateja wangu wengi hawaamini hadi warudi mara ya pili.

Mjukuu wa Kitangari: Sumaku haikunata. Mapovu yametoka upande wa magneti, mfululizo. Sili nimeichomoa, imekauka kama ganda la muhogo.

Mzee wa Spana: Ndiyo yenyewe. Badilisha sili zote mbili, na gasketi. Beringi zungusha kwa kidole: zikikwaruza toa, na usigonge krenki kwa nyundo, ipashe joto nyumba yake itatoka yenyewe. Silinda, yale madoa ya alumini yaliyonata yasugue taratibu kwa msasa laini, hapo tu. Ukucha ukiendelea kukwama baada ya hapo, tabaka limechanika, nunua silinda. Ukucha ukiteleza, ingiza ringi peke yake, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima pengo kati ya ncha zake mbili. Likikaribia milimita moja, ringi au silinda imekwisha.

Korosho Ghafi: Mzee, nami naomba hiyo ya plagi na valvu, piga picha.

Mjukuu wa Kitangari: Ukucha umeteleza! Nimeagiza sili, gasketi na pistoni. Jirani kaniazima mashine yake, ila saa mbili asubuhi anaitaka, kwa hiyo saa kumi usiku niko shambani.