Prado 150 iliyoinuliwa: nifunge vikanyagio vya umeme, mabomba ya kawaida au mabomba ya ulinzi?

MkaziWaGoba

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina Prado ya toleo la 150 ambayo mwaka jana niliiinua kwa sentimita tano kwa kubadilisha springi na shokapu, kwa sababu barabara ya kuingia kwangu Goba huchimbika kila masika hadi mawe hubaki yamesimama kama meno. Tangu hapo gari halikwangui chini. Tatizo ni mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua na ninayempeleka kanisani kila Jumapili: hawezi tena kupanda bila kuinuliwa, jambo asilolipenda hata kidogo. Nimepima kwa tepu, na kutoka ardhini hadi sakafu ya mlango wa mbele ni sentimita 63.

Ninalinganisha mambo matatu. La kwanza ni mabomba ya kawaida ya kukanyagia ya pembeni, ambayo mafundi wa eneo la Gerezani, hapa Dar es Salaam, wanaweza kunichomelea. La pili ni mabomba mazito ya ulinzi yanayofungwa kwenye chesisi yenyewe. La tatu ni vikanyagio vya umeme vinavyoshuka mlango ukifunguliwa na kurudi chini ya gari mlango ukifungwa. Ninataka kufunga mwenyewe nyumbani. Nina spana, jeki, stendi nne, mita ya umeme na wikiendi mbili. Naomba maoni ya waliowahi kuifanya kazi hii kwa mikono yao.

DerevaWaPori

Kaka, mimi nimeendesha magari ya wageni kwenda Mikumi na Hifadhi ya Nyerere kwa miaka mingi, na kwa kazi ya namna ile nisingekushauri kitu chochote chenye mota chini ya mlango. Udongo mweusi ukilowa hujaa kwenye mikono ya kikanyagio, ukikauka huwa kama tofali, na asubuhi yake kikanyagio hakishuki, au kibaya zaidi kinashuka na kukataa kurudi. Niliwahi kuliongoza gari la mteja ambalo kikanyagio chake kiligoma kikiwa nje. Tulikifunga kwa kamba, lakini kilining'inia chini kiasi kwamba kisiki cha kwanza tulichokutana nacho kiliondoka nacho.

Mabomba ya kawaida nayo usiyaamini sana. Mengi hushikwa na vipande vyembamba vya chuma, na gari likikaa juu ya jiwe, bomba hupinda na kusukuma kizingiti cha mlango, kwa hiyo kile ulichokifunga kama ulinzi ndicho kinachokuharibia bodi. Mabomba ya ulinzi yaliyoshikwa na chesisi hubeba uzito wa gari, na unaweza hata kuliinulia jeki hapo. Kosa lake ni kwamba hayamsaidii mama, kwa sababu hukaa juu, sambamba na kizingiti.

DadaWaKibada

Ninaheshimu maneno ya DerevaWaPori, lakini mwenye mada hajasema anakwenda porini. Amesema anakwenda kanisani. Mimi ninavyo vya umeme kwa mwaka wa pili sasa, na nilipima kabla na baada: mabomba yangu ya zamani yalikuwa sentimita 47 kutoka ardhini, na kikanyagio cha umeme kikishuka kinafika sentimita 33. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, sentimita hizo 14 ndizo zinazoamua kama atapanda mwenyewe au atashikwa kwapa. Kikijikunja, kinaingia chini ya kizingiti na hakikwangui kwenye mteremko wa pantoni, mahali ambapo mabomba yangu yalikuwa yakisaga kila maji yanapokupwa.

Adui yangu mimi ni chumvi. Tunapenda kwenda ufukweni Kimbiji, na mara mbili za kwanza sikuyaosha yale maungio kwa maji baridi tuliporudi. Mikono ni ya aluminiamu na bolti ni za chuma. Vitu hivyo viwili vikikutana na maji ya bahari, aluminiamu huanza kuliwa na kutoa unga mweupe, na bolti hung'ang'ania kana kwamba zimechomelewa. Siku hizi nimezipaka grisi ya kuzuia kutu kwenye nyuzi za bolti. Kwenye pini zinazocheza sipaki grisi kabisa, kwa sababu hushika mchanga na kuwa msasa. Natumia silikoni ya kupuliza inayokauka.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyenionya ni waosha magari. Kijana amechuchumaa pembeni anasugua rimu, mwenzake anafungua mlango ili afute ndani, na kikanyagio kinashuka kwenye goti la yule wa chini. Kwangu kilisukuma ndoo tu, tukacheka, lakini siku hiyohiyo nilimwambia fundi aweke swichi ya kukizima.

FundiUmeme_Ilala

Ndugu MkaziWaGoba, kabla hujalinganisha chapa, linganisha namna kikanyagio kinavyopata habari kwamba mlango umefunguliwa, kwa sababu ugumu wa kazi uko hapo na wala si kwenye bolti. Zipo njia tatu.

Seti nyingine huunganishwa kwenye waya wa swichi ya mlango, ile inayowasha taa ya ndani. Katika Toyota nyingi swichi hiyo hupeleka waya kwenye hasi mlango ukifunguliwa, hivyo mita yako itasoma karibu volti 12 mlango ukiwa umefungwa na itaanguka karibu na sifuri ukifunguliwa. Ukiona hivyo, umepata waya sahihi. Usiukate, menya ngozi yake kidogo, zungushia waya mpya, tia risasi kwa pasi ya kulehemu, kisha funga vizuri. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya huleta kutu ndani baada ya masika moja, na utaanza kuona kikanyagio kikishuka kinapotaka chenyewe.

Seti nyingine huchomekwa kwenye soketi ya kupimia gari kwa kompyuta, chini ya usukani, na kusoma hali ya milango humo humo. Ndiyo njia nyepesi kuliko zote, lakini ni lazima kifaa kiwe kimetengenezwa kwa ajili ya gari na mwaka huohuo. Prado iliyotoka Japani na iliyotoka Uarabuni zinaweza kufanana kwa sura zisifanane kwa lugha ya ndani, kwa hiyo muuzaji akishindwa kukuonyesha orodha yenye gari lako, usilipe. Aina ya tatu hutumia sumaku na kihisio kisicho na waya kinachobandikwa mlangoni. Haigusi waya wowote wa gari, ila kihisio kina betri yake ndogo inayokufa bila taarifa, na gundi yake haipendi joto la gari lililoanikwa juani Kariakoo kutwa nzima. Kwa gari lako mimi ningechagua waya wa mlango.

Umeme wa mota uchukue moja kwa moja kwenye betri, wala usiuibe kwenye kiberiti cha gari au redio. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa kuwa kipande cha waya kilichopo kabla ya fyuzi hakina mlinzi, na kikichubuka kwenye chesisi kitaungua chote. Niliwahi kuletewa gari ambalo aliyefunga aliiweka fyuzi chini ya kiti, mita mbili kutoka kwenye betri, akidhani fyuzi ni fyuzi popote ilipo. Pitisha waya mbali na ekzosi na mbali na mabomba ya breki na ya mafuta, ufunge kila baada ya mkono mmoja, na unapoingia ndani ya gari upite kwenye tundu lenye mpira. Kabla ya tundu hilo uache waya ulegee kidogo kuelekea chini, ili maji yanayotiririka juu yake yadondokee hapo badala ya kuufuata ndani.

Ukifungua plastiki za kizingiti utakutana na soketi za manjano. Hizo ni za mifuko ya hewa. Usizipime kwa mita wala kuzichomoa. Toa hasi ya betri, ngoja dakika chache, ndipo uanze.

Kuhusu bolti, hapa utajua haraka kipi ni cha gari na kipi kimekuja na seti: Toyota hukuomba spana namba 12 na 14, seti nyingi zitakuomba 13 na 17. Seti nzuri hutumia matundu yaliyopo tayari, na ukilazimika kutoboa, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye ukingo wa tundu kabla ya kufunga. Kaza zote kwa mkono kwanza, linganisha ubao wa kikanyagio na mlango mbele na nyuma, kisha ndipo ukaze kabisa. Bolti ya milimita 8 ya kawaida inatosha takriban nyutoni-mita 25, na ukiipiga nguvu zaidi utaivunja. Pia usije ukaweka jeki kwenye mikono ya kikanyagio, hata kama inaonekana imenona.

MzeeWaMagogoni

Vijana, mke wangu ana miaka 71 na gari langu ni Land Cruiser refu kuliko hilo. Nilimtengenezea kigoda cha mninga chenye kamba. Anapanda, anavuta kamba, kigoda kinaingia naye. Hakina fyuzi.

MkaziWaGoba

Shikamoo, Mzee wangu. Nimekicheka kigoda lakini nimekipima pia, na kwenye kokoto za hapa kwetu kinayumba. Nitakiweka kwenye buti kama akiba.

Nina swali kwa FundiUmeme: kwa kuwa usukani wetu uko kulia na mama hupandia kushoto, upande wa barazani, je, ninaweza kufunga upande wa kushoto peke yake, na kulia nikaweka bomba la ulinzi? Mawe ya Goba yako upande wa kulia nikiwa napanda.

FundiUmeme_Ilala

Inawezekana, ila jaribu kabla hujakaza hata nati moja. Tandaza seti yote sakafuni, iunganishe na betri, kisha chomoa mota ya kulia. Baadhi ya visanduku vya kudhibiti vikikosa mota moja huona ni hitilafu na kuzima zote, vingine havijali. Mota uliyobaki nayo itunze, itakuwa spea yako.

DerevaWaPori

Kwa mpangilio huo nimekubali. Angalia tu kingo za barabara zilizo refu: ukiegesha karibu mno, kikanyagio kitagonga ukingo kabla hakijafika chini. Acha nafasi ya hatua moja.

MkaziWaGoba

Narudi na taarifa baada ya wikiendi tatu, si mbili. Kisanduku changu hakikujali kukosa mota moja. Kushoto nimefunga cha umeme kwa waya wa mlango, kulia nimefunga bomba la ulinzi lililochomelewa Gerezani kwa vipimo vyangu, na wikiendi ya ziada ililiwa na bolti moja ya chesisi iliyovunjika ikiwa ndani, kosa langu mwenyewe kwa kuikaza kabla ya kulinganisha. Swichi ya kuzima nimeiweka chini ya dashibodi, kwa ushauri wa DadaWaKibada.

Nilijaribu usalama wake kwa kandambili badala ya mguu: niliisimamisha kati ya ubao na kizingiti, nikafunga mlango, ubao ukaigusa, ukasita, ukarudi nje. Nilirudia mara kumi, mara moja kati ya hizo ikiwa na tope.

Kikiwa chini kiko sentimita 34 kutoka ardhini. Jumapili mama alisimama pembeni, akakitazama kikishuka, akaniagiza nifunge mlango na kufungua tena ili ahakikishe hakina tabia ya kubadili mawazo. Kisha akaweka fimbo ndani, akapanda. Sasa anataka nifunge na cha nyuma kwa ajili ya shoga yake, na nimeshindwa kumweleza kwamba ubao ni mmoja, unafika hadi mlango wa nyuma.