Naomba ushauri: hela za kikundi ziende benki isiyo na tawi?

Wakuu, kikundi chetu cha wauza viazi hapa Mwanjelwa, Mbeya, mweka hazina anataka akiba yote tuihamishie benki ya kwenye simu tu, isiyo na tawi popote. Najua Uingereza wana Monzo, Brazil wana Nubank, na watu wanazitumia. Makato madogo yananivutia kweli. Ila akina mama wengi kikundini wana vitochi, na simu ya mweka hazina ikiibwa, au akaunti ikizuiwa ghafla, tunagonga mlango wa nani? Bima ya amana (fidia ya wenye akiba benki ikifilisika) hapa nchini ina ukomo wa shilingi milioni 7.5, tena lazima benki iwe na leseni ya Benki Kuu. Mliowahi kufungua akaunti ya kikundi huko, suala la saini tatu za kutoa hela mlilimaliza vipi?