Linkidi listi au grafu kwa kazi zinazosubiriana?

mwanakodi:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada siku ya tatu leo nimekwama. Natengeneza programu ya kupanga kazi, yaani A lazima iishe ndo B ianze, B ikiisha inakuja C. Nikaanza na linkidi listi, yaani mnyororo ambao kila nodi (kituo cha kazi moja) ina pointa moja, mshale wa kwenda kwa inayofuata, ikawa inaenda vizuri tu, balaa likaanza pale kazi moja ilipotaka kusubiri tatu kwa mpigo na hizo tatu nazo zina za kwao, nikaongeza pointa ya pili, ya tatu, sasa hivi kodi yangu mwenyewe siielewi. Nihamie kwenye grafu, ile ambayo nodi moja inaweza kutoa mishale mingi, au listi inaokoleka? Grafu naiogopa naona kama hesabu nzito.

kibodi_moto:
Mkuu ulivyoongeza ile pointa ya pili ushaingia kwenye grafu tayari. Linkidi listi nayo ni grafu, ila kila nodi inatoa mshale mmoja tu. Jiulize hivi, kitu chako kina kinachofuata kimoja au vingi? Vyako ni vingi, basi usihangaike na listi.
Na hesabu yake wala haitishi, njia ya kupanga kazi za hivi A. B. Kahn aliiandika tangu 1962. Kila kazi andika inasubiri ngapi, zenye sifuri ziweke kwenye foleni, toa moja ifanye, halafu nenda kwa zote zilizokuwa zinaisubiri punguza moja moja, ikifika sifuri nayo inaingia foleni. Kila nodi unaigusa mara moja na kila mshale mara moja, basi.

nodi_ya_mwisho:
Hapo sawa kabisa, ila mwanakodi usije ukaihifadhi hiyo grafu kwa matriksi, yaani jedwali la kila kazi kwa kila kazi. Kazi 10,000 ni visanduku milioni 100, hata kila kimoja kikila baiti moja tu hiyo ni megabaiti 100 na karibu zote ni sifuri tupu. Kila nodi ipe orodha ya majirani zake, yaani zinazoisubiri. Hiyo orodha wengi wanaichora kwa linkidi listi, mimi naweka arei, yaani safu ya vitu vilivyofuatana, maana nodi za listi zinatawanyika kwenye memori prosesa inabaki kuzifuata huku na kule, arei imelala sehemu moja.

mwanakodi:
Sasa kwa hiyo linkidi listi haina kazi tena?

kibodi_moto:
Inayo ndugu yangu, tena naipenda. Chukua kache, yaani hifadhi ndogo ya haraka, inayotupa kitu ambacho hakijaguswa muda mrefu, pale unaunganisha hashi mapu (inakupeleka kwenye kitu moja kwa moja kwa jina lake) na listi ya pande mbili, yenye pointa ya mbele na ya nyuma, kitu kikiguswa unakichomoa katikati unakipeleka mbele kwa kubadili pointa chache tu bila kusogeza kingine. Ila ukitaka cha 500 bila hiyo mapu utatembea kutoka mwanzo.

mwanakodi:
Nimeiandika upya usiku huu kwa hiyo njia ya foleni, asanteni sana aisee. Foleni imeisha ila kazi tatu zimebaki hazijafika sifuri, kumbe mbili zinasubiriana zenyewe kwa zenyewe! Ndo maana juzi programu ilikuwa inazunguka haiishi nikadhani kompyuta ina shida.

nodi_ya_mwisho:
Na ile ya tatu iangalie kabla hujaigusa, inawezekana haina kosa lolote, inasubiri mojawapo ya hizo mbili. Ukikata mshale mmoja kwenye duara itajifungua yenyewe.