Babu anasema wembe mmoja ndio unaotufanya ndugu. Naombeni ushauri

Mjukuu wa Kambini: Habari za jioni wakuu. Mimi ni Msukuma wa Bayeye, wacheza na nyoka, kambi yetu inaongozwa na babu mzaa baba. Anayeingia huchanjwa chale, kisha dawa ya kukinga sumu ya nyoka inapakwa juu ya damu. Mwaka jana walichanjwa 9 kwa wembe mmoja. Niliushika mwenyewe; kufika kwa wa sita ulikuwa unakwaruza tu. Baada ya mavuno wanaingia 6 wengine. Nikashauri kila mtu aje na wembe wake, babu akanijibu: "Wembe mmoja, damu moja." Chama hiki nakipenda, sitaki kiniponyoke mikononi. Nifanyeje?

Nesi wa Zamu: Mdogo wangu, hapo hakuna cha kubembeleza. Ukimwi sote tunaujua, ila mimi homa ya ini B ndiyo inayonitisha: kirusi chake hukaa hai nje ya mwili hata siku 7. Wale 9 wakapime wiki hii. Na mtu akigongwa na nyoka, chale zisimcheleweshe hospitali.

Ng'wana Bulabo: Mila hubadilika bila kufa. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, walishindana kwa ngoma kabla ya kanisa la Bujora, kule Mwanza. Bulabo, sherehe ya ngoma ya kila Juni, ikaja kufungamana na Sikukuu ya Ekaristi, enzi za Padri David Clement. Ushindani haukufa: mwenye watu wengi bado ndiye mshindi.

Mpita Njia: Hata Freemason wa Uingereza, chama cha viapo vya siri, walibadilika. Viapo vyao vilitaja adhabu ya kukatwa koo, Loji Kuu yao ikayatoa hayo kwenye kiapo mwaka 1986. Bado wanaapishana.

Mzee wa Ntuzu: Mjukuu, babu yako anachoogopa ni kila mtu kuja na chake na kuondoka na chake. Nunua pakiti, mpe yeye, agawe kwa mkono wake.

Mjukuu wa Kambini: Shikamoo mzee, asante sana. Jana usiku nilimpelekea. Alifungua karatasi ya wembe mmoja, akaugeuzageuza kwenye mwanga wa kibatari, akasema, "Nitagawa mimi." Nimefurahi mno. Ila dawa anaipaka kwa kidole kile kile, anachovya kibuyuni, anahamia kwa mwingine.

Nesi wa Zamu: Basi kazi ni nusu. Dawa imiminwe kwenye vifuniko 6, kila mmoja ajipake mwenyewe, babu akitamka maneno yake.